Ufagio wa Saa ya Kulala

Nani alisema jini lazima asubiri usiku? Huyu alikuja mchana, saa ile ya mapumziko ambapo ofisi nzima, hapo Taipei, huzima taa na kila mtu hulaza kichwa juu ya meza yake. Szuying alikuwa hajashikwa na usingizi aliposikia ufagio. Chwa, chwa, chwa, taratibu, baina ya meza na meza. Akadhani ni mama wa usafi. Halafu akakumbuka kwamba mama wa usafi huja jioni, na hutumia mashine.

Taa zilipowashwa, meza ya dirishani ilikuwa na kikombe cha chai inayofuka mvuke. Akauliza ni cha nani. Wenzake wakatazamana, wakacheka, wakasema labda cha mgeni. Lakini kitini palikuwa na sweta, na sweta lilikuwa bado na joto la mtu.

Kazi ya Szuying ilikuwa kutunza kumbukumbu ya mtambo wa kompyuta ulioendesha tovuti yao ya kuagizia vyakula. Kila kinachoingia humo hubaki maadamu kuna kingine kinachokishika. Kikiachiwa na vyote, programu ndogo waliyoiita Mfagiaji hupita ikakizoa, nafasi ipatikane. Mwezi ule Mfagiaji alizembea, kumbukumbu ikajaa, tovuti ikawa inaanguka kila siku. Kwa hasira, kabla ufagio haujaanza kusikika, Szuying alikuwa amemwandikia amri mpya: zoa chochote kisichoshikwa, popote kilipo, usiulize. Siku hiyohiyo akaitupa ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi waliyoiweka juu ya mtambo kama hirizi, ili utulie, maana tarehe yake ilikuwa imepita. Nyingine hakununua.

"Umeuacha mtambo bila pakiti?" Kuo, mkubwa wake wa kazi, alimwuliza kwa sauti ya chini. "Dada, hata wasioamini chochote hununua pakiti."

Szuying akakimbia dukani, akaweka mpya, akaifuta na ile amri. Kesho yake amri ilikuwa imerudi mahali pake, na ufagio ukapita tena.

Akaletwa mganga wa hekaluni. Aliuzungushia mtambo ubani, akatega sikio. Mwishowe akasema huyu hafukuziki, kwa sababu hakuvamia. Amepewa kazi na anaifanya. Kisha akamvuta Szuying pembeni.

"Nani anakushika, mwanangu? Usipoonekana leo, nani atauliza uko wapi?"

Szuying alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kimoja. Miaka sita alikuwa amekula chakula chake cha mchana mbele ya kompyuta, na marafiki wa chuo aliacha kuwajibu zamani.

Jumatatu Kuo akamwita kwa jina la mtu mwingine. Jumatano akamwuliza, kwa adabu kabisa, ametumwa na kampuni gani. Aliyebaki ni mama yake tu, kwenye nyumba ya wazee kule Tainan, mama ambaye siku njema alimkumbuka na siku mbaya alihitaji kuelezwa huyu ni nani. Basi kila taa zilipozimwa Szuying alijikunyata chini ya meza akampigia simu ya video, na kila mama alipomwita kwa jina la utotoni, "A-Ying, umekula?" ufagio ulisimama.

Ijumaa ulianza mapema, kabla hata watu hawajalala, na ukaja moja kwa moja, ukipita meza ya dirishani, ukipita mtambo na pakiti yake mpya, chwa, chwa, na harufu ya vumbi la chumba kilichofungwa miaka ikamjaa kooni huku simu ikiita na kuita, mpaka uso wa mama ukatokea.

"Mama, ni mimi."

"Nani?"

"A-Ying. A-Ying wako, mama."

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyepotea. "Pole, binti," alisema. "Nenda kamtafute mama yako, atakuwa na wasiwasi."

Kitu kikavu kikamgusa kisigino.

Taa zikawaka. Kuo alikuwa amesimama kwenye meza ya Szuying, ameshika kikombe cha chai.

"Hiki cha nani?"

"Changu, Kaka Kuo," alisema Szuying. Akasema tena, kwa nguvu zake zote, wala hakuna aliyegeuka.

Wenzake wakatazamana, wakacheka, wakasema labda cha mgeni. Kuo akaenda kuimwaga chai.