Kikohozi Ndani ya Dohani

Dohani ya Bibi Sesilia ilikuwa ikikohoa. Si kuvuma kwa upepo, hapana. Kukohoa, kama mzee aliyeamka na baridi ya milima ya Kwai kifuani.

"Ndege hao, bibi," fundi Zabron alisema, akilitua bomba la moshi la jiko jipya. "Wamejenga humo."

"Ndege gani wa kukohoa hivyo?" Bibi Sesilia, mjane, aliishi peke yake katika nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani, na baridi ndiyo iliyomfanya anunue jiko la chuma la kuchomeka ndani ya meko ya zamani. Akamsogelea fundi, akanong'ona. "Nisikilize, baba. Ukiwa huko juu, akikohoa mnyamazie. Usimwamkie. Ukimwamkia umejifanya mwanawe, na huyo akishapata mtoto habanduki. Mimi tangu mume wangu afariki sijamfungulia mdomo."

Zabron akacheka. Wazee bwana! Huyu fundi hakuwa mwoga wa mizimu. Alichokiogopa ni chumba chake kule Soni. Tangu amzike mkewe, Beatha, hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewa, na kila jioni alijitafutia kazi ili asirudi mapema. Upweke ulikuwa unamla, basi tu hakusema.

Akapanda paa. Ukungu ukapanda naye kutoka bondeni, ukameza bustani, ukameza ngazi. Akaanza kuteremsha bomba ndani ya dohani, aje aliunganishe na jiko kule chini. Katikati likakwama. Akalizungusha, likagoma. Harufu ya masizi ya zamani ikampanda puani, na humo ndani, karibu kabisa na uso wake, mtu mzima akakohoa.

"Shikamoo," Zabron akasema.

Jamani, ulimi uliolelewa Usambara! Ukisikia mkubwa anakohoa, unaamkia. Haungoji ruhusa ya kichwa.

"Marahaba, mwanangu."

Na bomba likawa jepesi, likaanza kushuka lenyewe taratibu, likivutwa kutoka chini na mikono isiyo na haraka, mikono ya mtu anayemsaidia fundi wake, huku Zabron akijiambia ni bibi huyo, ni bibi tu, nani mwingine, mpaka akashindwa kuvumilia, akaita, "Bibi, acha kuvuta!"

"Nivute nini?" Sauti ilitoka nyuma yake, chini ndani ya ukungu. "Mimi niko huku bustanini, kwenye mipea."

Akashuka. Akaunganisha bomba na shingo ya jiko, akakaza skrubu, akaziba kila upenyo, akawasha kuni. Moshi ukavutwa vizuri ajabu. Bibi Sesilia akaketi mbele ya joto, akitega sikio.

"Kimya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ameondoka. Baba, hukumwamkia?"

"Hapana, bibi."

Alifika Soni jua likizama. Mlangoni alisita, kwa sababu harufu ya masizi ilikuwa ikitoka chumbani kwake, na asubuhi hakuwasha hata kibiriti. Akafungua. Gizani, upande wa kitanda, mtu akakohoa.

"Umechelewa, mwanangu. Nilishaanza kuwa na wasiwasi."

Zabron alitaka kukimbia. Haki ya Mungu alitaka. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia hivyo? Akaingia. Kisha akaufunga mlango kwa ndani, akaosha sahani yake, akaosha na ile ya Beatha.