Pale Alipolala Samra

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa migomba Fadhul alipofika shambani akimvuta farasi Samra kwa kamba. Walikuwa wametembea tangu adhuhuri kutoka mazizi ya Kyambogo, Kampala, na kazi aliyotumwa ilikuwa ya kawaida kabisa: kukagua ardhi. Meja alitaka kulinunua shamba hilo kwa ajili ya farasi wake wawili, na Meja huyo hakujua lolote kuhusu farasi isipokuwa kupiga nao picha.

Ulikuwa mwaka 1974. Mhindi mwenye shamba alikuwa ameshafukuzwa nchini, na mfanyabiashara aliyepewa baada yake alikuwa na haraka ya kuliuza. Haraka ya nini? Hakusema. Siku hizo watu walishajifunza kutouliza, na Fadhul alijifunza vizuri kuliko wengi.

"Wewe naangalia kila kitu," Meja alikuwa amemwambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Farasi yangu nakufa kule, wewe pia nakufa. Nasikia?"

"Nasikia, Afande."

Alijibu bila kutetemeka, wala haukuwa ushujaa. Moyo wake ulikuwa na ganzi kwa miezi minane, tangu mdogo wake Wahabi alipochukuliwa mazizini na gari lisilo na namba, ndala miguuni, brashi ya farasi mkononi. Mke wa Wahabi, Maimunah, alibaki pale nyumbani kwao Kisugu. Kila jioni alimpakulia mumewe chakula, akakifunika kwa tabaga, kifuniko cha ukindu alichosuka mwenyewe. Na kila jioni alimuuliza Fadhul swali lile lile.

"Shemeji, mimi nakaa eda ama nangoja?"

Mjane hukaa eda. Mke hungoja. Maimunah hakujua yeye ni yupi.

Basi akaanza kukagua. Mtu mwingine akinunua shamba hutazama nyumba kwanza. Mtu wa farasi huanza na maji. Kijito kilikuwepo, kinatiririka, hakinuki. Akapapasa ardhi kwa kisigino: ngumu kiasi, haitaozesha kwato. Akatafuta mbung'o, hakuona hata mmoja. Akang'oa vichaka viwili vya maua ya rangirangi ambayo farasi akiyala ini linaharibika. Uzio ulikuwa wa seng'enge, nao huchana farasi vibaya, lakini uzio hubadilishwa. Shamba lilikuwa zuri. Fadhul aliona kwamba ni zuri, akasubiri afurahi, furaha haikuja.

Lilibaki jambo la mwisho, alilofundishwa na baba yake, mtunza farasi wa jeshi la Waingereza. Wanubi wa mazizini, watu wa kabila lake, hawajengi banda kabla farasi hajachagua. Unamfungua jioni, unamwacha azunguke. Akilala chini, hapo ndipo pa kujenga, kwa sababu farasi halali mahali asipopaamini.

Kwa Samra lilikuwa jambo gumu. Wahabi ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto, na tangu Wahabi achukuliwe, farasi huyo hakuwahi kulala chini hata siku moja. Alisinzia wima, miezi minane.

Fadhul akamfungua. Samra akaenda kijitoni, akainamisha kichwa. Hakunywa.

Naye Fadhul, bila kufikiri, akafanya kile ambacho kila mtunza farasi hufanya ili farasi anywe. Akapiga mluzi. Sauti tatu, polepole.

Papo hapo akakumbuka. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Baba yake aliwachapa yeye na Wahabi kwa kosa hilo: mluzi ni wa mchana. Ukipiga baada ya magharibi hujui anayesikia, na akikuitikia atakufuata hadi kwako.

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Kimya... Hata vyura walinyamaza.

Kisha, kutoka upande wa pili wa kijito, mluzi ukajibu.

Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikatoka na upepo.

Mtu mmoja tu Kampala nzima alipiga mluzi hivyo, kwa sababu jino lake la mbele lilivunjwa na teke la farasi.

"Wahabi?" alinong'ona.

Samra akanywa. Akanywa kwa pupa, akainua kichwa, akavuka maji. Ng'ambo palikuwa na ukanda wa majani mabichi sana, mrefu kama hatua thelathini, ilhali majani mengine yote yalikuwa yamekaushwa na kiangazi. Samra hakuyala. Aliyanusa kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi hadi katikati. Akakunja magoti.

Akalala chini.

Fadhul alimfuata, maji yakimfika magotini. Ardhi ya pale ilibonyea. Na harufu... Aliijua harufu ile. Moshi wa udi ambao Maimunah alifukizia kanzu za mumewe, pamoja na mafuta ya simsim ambayo Wahabi alipaka kwato. Ilitoka chini. Samra alikuwa amelaza shingo juu ya majani, macho yamefumbwa, anapumua taratibu, jinsi alivyozoea kulaza shingo mapajani mwa Wahabi.

Kaburi la mtu mmoja halifiki hatua thelathini. Ndugu yake hakuwa peke yake mle.

Fadhul alingoja machozi. Hayakuja. Aliketi karibu na farasi, akasoma Fatiha, kisha akaisoma tena kwa ajili ya wengine ambao hakujua majina yao. Barabara zilikuwa na vizuizi vya askari, kwa hiyo hakurudi. Alikaa hapo hapo hadi kulipokucha.

Meja alifika asubuhi kwa Benzi, viatu vinang'aa. Fadhul alikuwa ameshamvusha Samra na kumrudisha ng'ambo hii ya kijito.

"Haya, sema. Iko maji?"

"Iko, Afande. Majani iko. Mbung'o hakuna."

"Na farasi nalala wapi? Mimi natuma watu leo leo kuchimba msingi."

Fadhul aliinua mkono. Akaona unavyoelekea mwinuko mmoja penye kibanda cha zamani, mbali na maji. "Kule juu, Afande."

Meja hakutazama kule juu. Alitazama ng'ambo ya kijito, kwenye majani mabichi, kwa muda mrefu.

"Hapana pale?"

"Pale hakufika, Afande."

"Mzuri." Meja akashusha pumzi, akatabasamu. "Mzuri sana. Pale hapana chimba. Pale, wewe hata hapana pita."

Basi alijua. Alijua siku zote, na hata hivyo alitaka kununua, au ndiyo sababu alitaka kununua. Fadhul alilielewa hilo bila hasira yoyote, na kutokuwa na hasira ndiko kulikomtisha.

Samra akainamisha kichwa majini. Mluzi ukasikika. Sauti tatu, ya mwisho na upepo.

Meja akageuka ghafla, mkono kiunoni penye bastola. Midomo ya Fadhul ilikuwa imefumbwa.

"Nani napiga mluzi?"

"Mimi, Afande," alisema Fadhul. "Ni mimi."

Alimrudisha Samra mazizini, akafika Kisugu alasiri. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno, na yaliyobaki yalikuwa machache. Angemwambia Maimunah akae eda, aiweke sahani kabatini, alie kwa ndani majirani wasisikie. Lilikuwa jambo baya kulipeleka kwa mtu, lakini lingemfungua.

Alimkuta uani, mikono ina hina mpya. Hina! Miezi minane hakuwa ameipaka.

"Maimunah," alinong'ona, "anza eda."

Maimunah alimtazama kana kwamba anasema na mtoto. "Eda ya nani, shemeji?"

"Nimepaona alipo."

"Hata mimi." Alitabasamu, akasogea karibu, akapunguza sauti. "Jana, magharibi imeisha tu, mimi nachota maji pale kwa pipa. Nasikia mluzi yake. Ile yenye upepo."

Fadhul alilitazama pipa.

"Na wewe? Wewe nafanya nini?"

"Naitika, shemeji. Ni bwana yangu. Nawezaje kunyamaza?"

Akamwonyesha mkekani. Tabaga lilikuwa limewekwa pembeni. Sahani ya Wahabi ilikuwa tupu, imefutwa hadi tone la mwisho la mchuzi, na kwenye ukingo wake kulikuwa na majani mawili mabichi.

Ganzi ya Fadhul ilimtoka hapo. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane aliogopa, akaogopa kwelikweli, kwa sababu jua lingezama tena jioni, na Maimunah alikuwa ameshaanza kumenya vitunguu.