Diski Iliyotoweka Redioni

Kompyuta ililazwa kifudifudi mezani, mfuniko wake wa chini umefunguliwa. Kando yake skrubu kumi zilipangwa mstari mmoja, kwa uangalifu. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: diski.

Inspekta Byamungu aliinama bila kugusa kitu. Alikuwa amerudi Masisi mwezi uliopita, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi huko Walikale. Hii ilikuwa kesi yake ya kwanza kwenye milima alikozaliwa.

"Mwizi gani anaacha kompyuta nzima, anabeba diski mbovu?"

"Muizi mwenye kujua," alijibu Élie, mkurugenzi wa redio hiyo ndogo ya kijiji. "Ni Trésor. Yeye njo fundi."

Trésor alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Diski ilikuwa na shida gani?" Byamungu alimuuliza.

"Ilikuwa inagonga ndani, Komanda. Inatumika dakika mbili, inanyamaza. Lakini garanti ilibakia siku kumi na moja. Leo nilikuwa naipeleka Goma, banipe mupya."

"Na ile ya zamani?"

"Banabakia nayo, hairudi tena. Kama habaone namba yake, hakuna garanti. Jana nilibaelezea bote hapa." Sauti yake ilipanda. "Sasa niibe juu ya nini? Garanti ikipotea, na kazi yangu inapotea!"

Byamungu alitoa lenzi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka. Fundi ana bisibisi. Hizi zilikuwa zimezungushwa kwa ncha ya kisu. Ndani ya michubuko mlikuwa na utando mweupe wa mafuta. Aliunusa. Jibini.

Mlango haukuvunjwa. Akamgeukia Bibiche, mtangazaji wa asubuhi.

"Nani aliingia leo?"

"Mimi peke yangu. Nilifungua saa kumi na mbili, nikaingia studio kusoma salamu."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna. Ni Papa Rukara tu, analeta maziwa ya chai kila siku."

"Anatengeneza jibini?"

"Fromaji? Njo kazi yake."

"Jana, Trésor alipokuwa anaeleza habari za garanti, huyo mzee alikuwa wapi?"

Bibiche alifikiri. "Pale kwenye benchi. Alikuwa anangojea bidoni yake tupu ya maziwa."

Inspekta alimkuta Rukara nyumbani kwake, ng'ambo ya malisho, akikata jibini. Ncha ya kisu chake ilikuwa imepinda. Byamungu alikitazama, kisha akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Papa, diski iko wapi?"

"Diski gani?"

"Trésor atalala mahabusu leo."

Mzee aliacha kukata. "Trésor? Yeye hakufanya kitu."

"Mkurugenzi anasema ni yeye."

Rukara alifuta mikono taratibu. Akaingia ndani, akatoka na chombo cha mti cha kukamulia, kikavu, kilichong'arishwa na mikono ya miaka mingi. Ndani yake, katika kitambaa, ilikuwamo diski.

"Ni mimi. Mufunge mimi."

"Kwa nini?"

"Mukabaranga iko ndani."

Mkewe, mzee alieleza, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Kila Jumamosi alikuwa na kipindi cha wafugaji redioni. Alikifungua kwa wimbo wa kuita ng'ombe, na vipindi vyake vyote vilihifadhiwa kwenye diski hiyo.

"Nilisikia banasema ile ya zamani hairudi. Nikasema, basi banamuzika mara ya pili, kule Goma, kwenye sijui hata barabara yake."

"Ungewaambia."

"Muzee mzima kulilia sauti ya bibi yake? Bangenicheka, Komanda."

Byamungu hakucheka. Alikuwa amesahau jina hilo, lakini sauti hakuisahau. Kabla ya vita kuwatawanya, kabla redio haijajengwa, ilivuka bonde alfajiri kutoka kilima hiki hadi kwao. Mama yake alikuwa akisimama na kibuyu mkononi, anasikiliza. Hata ng'ombe wao walikuwa wakigeuza vichwa.

"Alikuwa anavuta neno la mwisho," alisema polepole.

Rukara alimkazia macho. "Wewe ni mutoto wa nani?"

"Wa Umuhoza. Wa kilima cha pili."

Mzee aliketi chini.

Saa sita walirudi redioni. Trésor aliiunganisha diski kwenye kompyuta ya Bibiche. Iligonga, ikanyamaza. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu mafaili yalifunguka, akaanza kunakili, kidole hakitulii. Dakika kumi na moja. Kisha diski ikatoa mlio mmoja mkavu, ikafa.

Wimbo haukupatikana. Lilipatikana faili moja tu la sauti ya Mukabaranga, la kabla ya kipindi, mitambo ikijaribiwa.

"Trésor, mashini yako iko inasikia?" Sauti ya mwanamke ilijaza chumba. "Uliniambia niseme, nitasema nini? Rukara iko anakohoa tangu jana, anakataa dawa. Banaume!"

Trésor alicheka huku machozi yakimtoka. Élie alimwomba fundi radhi, akafuta mashtaka. Rukara akaichukua diski, akampa fundi mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Upeleke Goma. Sasa iko chuma tu."

Byamungu alifungua daftari aandike maungamo ya mzee ili afunge kesi, akanyoosha mkono kuzima ile sauti iliyokuwa bado ikisema. Rukara akamshika kifundo cha mkono.

"Acha kwanza, mwanangu. Hajamaliza kunigombeza."