Ndevu za Jiwe

"Watoto wamekula?"

Dada mtu aliuliza hivyo jikoni, mwiko mkononi, jua likizama. Mumewe aliinamia simu. Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele kana kwamba duniani hakuna jambo kubwa kuliko chuya.

Nyumba ile haikuwa na mtoto hata wa kuazima. Ndiyo maana dada mtu alikuwa akinyweshwa dawa ya uzazi.

Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Wakili kwa sababu chuoni hajapatikana wa kumshinda kwenye mdahalo, alimtazama machoni. Manjano. Manjano ya kiini cha yai. Asubuhi ile hospitali daktari alimuuliza mgonjwa mara tatu: umekunywa nini? Mama mkwe alikuwa pembeni, mkoba mapajani, macho makali. Dada mtu akajibu, "Chai tu." Daktari akasema ini linazidi kuharibika, na asipoijua sumu yenyewe anapapasa gizani.

"Wakili," mama mkwe aliita, "chupa imeisha. Nenda kwa Profesa ukachukue nyingine. Na usiende kumbishia. Dawa haipendi mdomo."

"Na ini halipendi dawa, mama."

"Ndiyo maana huolewi."

Wakili akatoka bila kuaga. Chupa hakuwa na haja nayo. Alitaka dawa yenyewe, kabla haijachemshwa, aifikishe kwa daktari.

Profesa! Wa somo gani, hakuna aliyewahi kuuliza. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la rangi, na bango la mlangoni liliahidi uzazi, kikohozi, mitihani na kushinda kesi. Mtu anayetibu kikohozi na kesi kwa chupa moja ama ni nabii ama ni mwizi, na nabii havai koti jeupe lililodariziwa jina la bucha mfukoni. Shingoni alining'iniza kipimo cha kusikiliza moyo. Kipimo chenyewe hakikuwa na vya kuweka masikioni.

"Kwenye chupa unatia nini?" Wakili akamuuliza.

"Ndevu za mti. Zatoka mlimani. Bibi zetu walizitumia."

"Bibi zetu walizitumia kwa kikohozi, kidogo, na mti waliujua. Wewe unamjazia mtu tumbo kila siku kama debe la maji."

"Binti, elimu ikizidi hukausha kizazi."

Akafunua kiganja. Vitu vya kijivu, vikavu, vimejikunja. Vile vinavyogandamana na magome ya miti, si jani, si uyoga. Wakili akavinusa. Udongo mbichi. Kisha akaona chembe za saruji zimeng'ang'ania humo. Na kipande cha rangi nyeusi, kimepinda kama mkia wa herufi.

Mti gani unaota saruji?

Profesa akafumba kiganja upesi. "Hii haitoshi. Njoo kesho." Akamsukuma nje na kufunga mlango.

Wakili hakwenda nyumbani. Alijibanza nyuma ya mapipa ya rangi mpaka alipomwona mtaalamu akitoka na kijiko na mfuko. Akamfuata. Hawakupanda mlima wowote. Walipita gereji, wakapita mashine ya kusaga, na mwisho wa barabara Profesa akaruka ukuta.

Ukuta wa makaburini.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kaburi, analikwangua kwa kijiko.

"Kumbe mlima wenyewe ndio huu," Wakili akasema.

Kijiko kikamponyoka. "Sema polepole!"

"Kwani nitamwamsha nani?"

Profesa hakucheka. Alinong'ona, jasho likimtiririka. "Miti iliisha. Wateja hawakuisha. Nikasema... aliyezaa atampa asiyezaa. Nakwangua za makaburi ya kina mama tu."

Ujinga wa kiwango hicho unahitaji kipaji! Wakili alishafungua kinywa, hoja zimejipanga mstari, ndipo akaliona jiwe. Pale kijivu kilipobanduka, maandishi yalikuwa safi kama ya jana:

MAMA WA WANNE. WATOTO WAKO WANAKUSUBIRI.

Akayasoma mara mbili.

"Dada yako..." Profesa akasema. "Ameanza kuwaulizia?"

"Kuwaulizia nani?"

"Wote wanaokunywa wanawaulizia watoto..."

Nyuma ya jiwe changarawe zikalia. Chakacha. Chakacha. Hatua nyepesi, za miguu midogo. Ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Kisha sauti, pumzi tupu, usawa wa goti la Wakili:

"Mama yuko kwenu?"

Wa kwanza kukimbia alikuwa Profesa. Bingwa wa mizimu aliparamia ukuta kama mbuzi, koti la bucha likachanika vipande viwili. Wakili akaunyakua mfuko na kukimbia bila kugeuka... na changarawe zilimsindikiza mpaka ukutani.

Kesho yake, walipomrudisha dada hospitali, Wakili aliumwaga mfuko mezani kwa daktari na kusema yote, mama mkwe akiwepo. Ghafla mama mkwe akavutiwa sana na dari. Daktari alieleza kwamba ndevu hizo ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kwamba baadhi yake zina kemikali inayounguza ini, na kwamba hunyonya chochote kilichopo zinapoota: moshi, madini ya risasi, rangi ya kaburi. Sasa alijua anapigana na nini. Dada mtu akalazwa, na macho yakaanza kurudi meupe, polepole.

Lakini daktari alieleza macho tu. Wale watoto hakuwaeleza.

Siku dada alipoacha kuwaulizia watoto, wiki chache tu baadaye, Wakili alirudi makaburini, mchana kweupe. Daktari alikuwa amemwambia ndevu hizo hukua taratibu kuliko ukucha, mwaka mzima zisifike unene wa kidole. Jiwe lilikuwa limeota ndevu tena. Kijivu, nene, halisomeki hata herufi.

Profesa amehama. Bango lake limeonekana mtaa mwingine, koti limeshonwa, na wateja wamepanga foleni.

Basi wewe unayesikiliza, nakuomba jambo moja. Daktari akikuuliza umekunywa nini, mwambie.