Aliyepokea Zamu

Siku waliyofika kisiwani, Fundi Boila alijitupa kwenye bembea ya kamba, tumbo juu, akapaza sauti kama alivyozoea kiwandani: "Natoka! Nani anapokea zamu?"

Utani tu. Kiwandani kwao hakuna anayeliacha boila mpaka mwenzake aitikie. Lakini nyuma ya kibanda, ambako hapakuwa na mtu, sauti iliitikia: "Nimepokea."

Mkewe, Mama Pacha, aliacha kufungua mizigo. "Baba Pacha, nani huyo?"

"Mwangwi."

Mwangwi gani unajibu badala ya kurudia? Lakini mwanaume akishachoka humwelezi kitu. Hajawahi kuchukua likizo tangu aajiriwe. Mapumziko haya kiwanda kilimpa zawadi, na yeye alikuja kulala, basi. Kisiwa chenyewe kilikuwa mchanga, vibanda vya mbao vitupu, na bahari kila upande. Mashua ingewarudia mwisho wa wiki.

Kesho yake, jua la utosi, Mama Pacha aliingia ndani akamkuta mumewe chali kitandani, macho wazi, hana hata tone la jasho. Na hakoromi. Mtu ambaye nyumbani majirani humgongea ukuta! Akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi, mkavu, na kibanda kizima kilinuka sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Umechoka, mpenzi?" yule wa kitandani akamuuliza.

Mpenzi! Tangu wazae, hilo neno halijapita mdomoni mwa Fundi Boila.

Ndipo akausikia mkoromo, ule ule anaoujua, wenye kupanda na kukwama na kushuka kama gogo linaloburutwa, ila haukutoka kitandani, ulitoka chini ya sakafu, chini ya miguu yake mwenyewe, na yule wa kitandani alikuwa akimtazama anavyousikiliza, akitabasamu.

Siku zilizofuata lile jini la kitandani lilifagia, likafua, likateka maji, likamtandikia kitanda, wala halikumwondokea machoni. Kuna wanawake wangeshukuru. Mama Pacha hakufumba jicho.

Siku ya mashua, jini lilipomwacha hatimaye kwenda kuanua nguo, alichukua panga akabandua mbao za sakafu, akachimba mchanga kwa mikono. Likatokea sikio. Likatokea shavu, la moto, linatoka jasho, na kovu la boila kidevuni. Mumewe alikuwa amefukiwa mwili mzima, amelala kama mtoto aliyeshiba.

Akampiga kofi. "Amka! Mashua inakuja!"

Jicho moja likafunguka. "Nani yuko zamu?"

"Zamu gani? Jini, baba watoto! Jini limevaa sura yako!"

"Linafanya kazi?"

"Linafanya, lakini..."

"Basi niache nilale."

"Na watoto wako kule nyumbani je?"

"Nimechoka, Mama Pacha," alinong'ona, na hakuwa akitania. Akamshika masikio kumvuta, naye akateleza, akazama mchangani polepole kwa hiari yake, mpaka mkoromo ukasikika mbali chini, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

Honi ikalia ufukweni. Jini lilikuwa limesimama mlangoni, mabegi yote mawili begani.

"Twende, mpenzi. Au unabaki? Mimi njia ya nyumbani naijua."

Hapo Mama Pacha aliacha kuchimba. Akibaki kumfukua mtu asiyetaka kufukuliwa, hili litakwenda peke yake, litapiga hodi, na mapacha watakimbia kumlaki baba. Akajikung'uta mchanga magotini, akatangulia kutoka. Hakulia. Kulia kungemsaidia nini?

"Loo, mzee!" nahodha alishangaa. "Kisiwa kimekukubali. Umerudi ujanani!"

"Nimepumzika sana," jini lilijibu, likaketi karibu na Mama Pacha, karibu mno, harufu ya chuma kilichoungua ikimjaa puani, na mashua ilipokwisha kuacha ufukwe na injini ikanguruma kiasi cha nahodha kutosikia, likamwinamia sikioni kwa sauti ya mumewe, sauti ya upole ambayo mumewe mwenyewe hakuwahi kuwa nayo.

"Hebu niambie kuhusu mapacha wetu. Yupi kati yao huwa hataki kuamka asubuhi?"

"Wote wanaamka," alisema Mama Pacha. "Kwangu hakuna anayependa kulala."

Akageukia baharini haraka, akauma midomo kwa nguvu zake zote, kwa maana miayo ilikuwa inampanda.