Alivyomwamkia Nuria

"Shikamoo, mama."

Sufiani aliyatamka hayo tonge la wali likiwa bado mkononi. Wali ulikuwa wa Nuria, sahani walikuwa wanakula moja, na Nuria ndiye mwanamke ambaye Sufiani alikuwa amemwahidi kumwoa. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mjomba wa Sufiani, mzee Abdulswamad, aliyetokea Vwawa bila taarifa.

Nuria alikuwa na miaka thelathini na saba, Sufiani ishirini na saba. Duka la vitenge lilikuwa lake. Sufiani alikuwa wakala wa mizigo pale pale mpakani Tunduma. Tangu waanze mapenzi alikuwa akimwita Nuria tu, kama mwenyewe alivyotaka.

"Marahaba, mwanangu," akajibu polepole.

Mjomba akafurahi.

"Kumbe kijana wetu amepata mlezi huku! Dada yangu, hebu mtafutie basi mchumba, atulie."

"Nitamtafutia, mzee."

Sufiani akainamia sahani.

Jioni Sufiani alimpigia Nuria simu, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Kisha meseji ikaingia:

"Mwanangu, mchumba nimekupatia. Anaitwa Marita, binti mdogo. Nimpe namba yako?"

Kesho yake asubuhi akaenda dukani. Alimkuta Nuria na mteja wa Kizambia.

"Bamayo, nipunguzie kidogo," mteja alibembeleza.

Nuria akacheka, akampunguzia. Mteja alipotoka, kicheko kikakatika.

"Yule amekuita mama, mbona hukukasirika?" Sufiani akauliza.

"Ndivyo kwao wanavyomheshimu mwanamke. Jirani yangu Fides ukimwita jina lake ananuna, anataka Mama Ruti. Kila mtu na apendavyo. Mimi nilikuomba uniite Nuria. Wewe uliniamkia ili mjomba wako asijue kuwa unanipenda."

"Nilishtuka, Nuria."

"Hukushtuka. Ulinionea haya."

Ilikuwa kweli. Sufiani akatoka, akapanda gari la Vwawa. Alimkuta mjomba amesharudi kwake, yuko uani anachambua kahawa.

"Mjomba, yule mama wa jana ndiye mchumba wangu."

"Yupi? Yule uliyempa shikamoo?"

"Ndiye."

Mzee akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo nimemtuma mwanamke akamtafutie mchumba wake mwenyewe mke? Na mimi nacheka?"

"Nisamehe, mjomba."

"Umri wake haunisumbui. Uoga wako ndio umeniaibisha. Nipe kofia yangu, twende."

Walifika Tunduma duka likiwa limejaa watu. Mzee Abdulswamad akavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu.

"Dada Nuria, jana nilisema nisilolijua. Niwie radhi."

"Wewe huna kosa, mzee."

Nuria akamgeukia Sufiani.

"Mwambie mjomba wako mimi ni nani."

Wateja wakaacha kupekua vitenge.

"Huyu ni Nuria," Sufiani akasema. "Amenizidi miaka kumi. Nampenda, nataka kumwoa. Jana nilimwonea haya, nikamkana."

"Sema tena. Walioko barazani hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, machozi yakimlengalenga. Nje mtu mmoja akacheka, mwingine akapiga mluzi. Sufiani hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Nuria hakutabasamu, wala hakumpa kitambaa ajifute. Alivuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake, akakiweka mbele ya mzee.

"Karibu ukae, mjomba," akasema. "Kwetu ni Kondoa. Nikuelekeze njia ya kwenda kwa wazazi wangu."