Baba Yao Nani

Jua lilikuwa linazama fundi saa alipopanda ngazi kwenda kwa dada yake, mkononi ana kopo la mende hai. Kila Jumamosi alipeleka kopo kama hilo. Dada alifuga buibui wa manyoya, wale wa kujaa kiganja, na majirani walimwita Mama Buibui, wakikutana naye kwenye ngazi wanajibana ukutani kumpisha.

Safari hii alibeba na jingine moyoni. Dada alikuwa mgonjwa, daktari ameshakata tamaa, na fundi saa alitaka kuungama kabla dada hajafumba macho.

Wafugaji wa buibui wana sheria moja. Weusi kwa weusi, wekundu kwa wekundu, na kila sanduku hubandikwa karatasi yenye ukoo wa mama na wa baba. Ukishachanganya damu, hakuna wa kuichambua tena. Dada alitunza ukoo wa weusi miaka ishirini, hadi akabakiwa na jike mmoja. Miaka minne iliyopita alimwomba mdogo wake amtafutie dume. Fundi saa alitafuta wiki moja, akachoka, akachukua dume wa ukoo mwingine aliyefanana nao kama pacha. Akaandika kwenye karatasi: mweusi halisi.

Kwa uvivu tu. Mungu anajua, hakuwa hata na sababu ya maana.

Mlango ulikuwa wazi.

"Dada?"

"Ingia. Usiwashe taa."

Chumba kilinuka dawa na udongo mbichi. Masanduku yalipangwa rafuni hadi darini, na ndani yake...

Tk. Tk-tk. Tk.

"Unawasikia?" dada alinong'ona. "Watoto madume wa yule jike wamekomaa. Wanapiga hodi kwa majike."

"Si ndiyo kawaida yao, Dada."

"Kawaida ya weusi ni mapigo matatu, kisha kimya, na jike akiyatambua anajibu. Hawa wanapiga mdundo gani? Nimelala hapa siku tatu nawasikiliza, mdogo wangu. Hakuna hata mmoja aliyejibiwa."

Fundi saa aliweka kopo la mende sakafuni.

"Sasa wananiuliza mimi," dada akasema. "Wanauliza baba yao nani."

"Homa hiyo."

"Homa haijui kuhesabu mapigo. Na wewe leo umepanda ngazi polepole kama mwenye mzigo. Kopo la mende lina uzito gani?"

Masanduku yakanyamaza.

Yote. Kwa pamoja.

Kisha... Tk. Tk-tk. Tk.

Haikutoka rafuni. Ilitoka kitandani. Kidole cha dada kilikuwa kinagonga ubao, taratibu, mkono wenyewe umelegea kama wa mtu aliyelala.

"Dada, acha."

"Si mimi," akanong'ona.

Wakatazama kidole, wote wawili.

"Yule dume, mdogo wangu. Ulimtoa wapi?"

Mlango wa toba ulikuwa wazi hivyo, hata kusukuma hakuhitaji.

"Mweusi halisi, Dada. Niliandika kwa mkono wangu."

"Basi," dada akasema, akageukia ukutani. Hakumsemesha tena. Jumanne wakamzika.

Masanduku yakaja kwa fundi saa. Jioni moja alibandua karatasi zote ili aandike ukweli, kalamu mkononi. Ndipo akakumbuka nyumba kumi na moja ambako dada alishagawa watoto wa uzao ule, kila sanduku kwa neno lake na heshima yake. Ukweli ungemfanya marehemu mwongo mbele ya wenzake, naye hayupo wa kujitetea.

Akazibandika tena, moja moja.

Madume wote walikufa mwezi uleule. Hilo si ajabu, madume wa buibui hawaishi sana. Lakini kila jua likizama, akiwa anafunga kibanda chake cha saa, husikia kitu kinagonga kioo cha meza. Mara ya kwanza aliinama akatafuta chini ya meza, nyuma ya saa za ukutani, kila mahali. Kumbe ni kidole chake.

Daktari anasema ni mshipa. Huenda.

Akisali hukunja ngumi kwa nguvu, kidole kikose pa kugonga. Hugonga kiganja. Tk. Tk-tk. Tk. Kisha hunyamaza, kama kinachosubiri.

Hakuna anayejibu.